Nukta Zinazochechemea

Tangu sheria ianze, hakuna ujumbe unaotoka nyumbani bila kupitia mtambo wa ukutani, nao huusafisha kwanza kwa kufuta mtindo wa anayeutuma. Ndiyo maana kwenye mashindano ya Morse, ya kugonga ujumbe redioni kwa nukta na mistari, siku hizi washindani wote tunasikika kama mtu mmoja. Jumamosi, mtambo ukimwimbia mwanangu Tumsifu kama kila siku, nikampakata, nikachomoa waya wa mtambo kwenye redio, nikaanza kugonga kwa mkono wangu.

"Mama Tumsifu, serikali itatuzimia mtambo!" mume wangu akafoka. "Nani atamwimbia mtoto?"

"Kwani mimi nimekufa?"

"Kichwa ngumu wewe."

"Ndicho ulichokioa."

Nikaita. Kimya. Nikaita tena, nukta zangu zikichechemea kama zamani. Mara akajibu mgongaji wa Kigoma niliyeshindana naye zamani, mistari yake ikivutika vilevile, haijasafishwa: "Ni wewe! Nilidhani umekufa." Mume wangu, aliyekuwa ameshika waya tayari kuurudisha, akauachia.

Ndipo mtambo ukazimika, na wimbo wa mtoto ukakatika. Tumsifu akaangua kilio. Nikamwimbia kwa sauti yangu mwenyewe, yenye mikwaruzo. Akanyamaza ghafla, akanikodolea macho kama anamwona mgeni.

"Utanizoea, mwanangu," nikamwambia, nikaita tena.