Ncha ya Uzi Motoni

Njiti ya kiberiti ilikwaruza gizani, ikashika. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Saumu alitaka kujua uzi alionunua ni wa aina gani kabla hajaanza kufuma. Sweta la kwanza alilomfumia Raya, binti wa mumewe, lilikuwa la sufu. Lilimwasha mtoto hadi akatoka vipele, na tangu hapo hakukubali tena kupimwa wala kuguswa naye.

“Wenzako wanafuma uzi, wewe wifi unauchoma,” Chausiku, dada wa mume, alimtania kutoka mkekani.

“Muuzaji kasema ni akriliki, uzi wa kiwandani, si sufu. Nimwamini mdomo tu?”

Akaisogeza ncha ya uzi kwenye moto. Sufu ingenuka kama nywele zinazoungua, ikawa majivu. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Saumu akashusha pumzi. Akawasha mshumaa, akamwekea Raya donge la uzi mapajani, kisha akakaa mbali kidogo.

Mtoto alilisugua shavuni, halafu shingoni, taratibu, akisikilizia. Mwishowe akaja kusimama mbele ya Saumu, akainua mikono yote miwili ili apimwe kifua.

“Nataka liwe na mifuko,” alisema.