Kiti cha Kulia

Upana wa makalio: sentimita hamsini na mbili. Milada aliusoma mstari huo mara mbili kwenye karatasi ya vipimo vya kiti, kisha akajishika nyonga. Yeye alikuwa na arobaini na moja.

"Olda, hiki kiti ni cha nani?"

"Cha abiria," Olda akajibu kutoka ndani ya ndege. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Kichwa kilikuwa chini ya dashibodi, katikati ya nyaya. "Shona kama nilivyoandika, Miluška wangu," akambembeleza kwa jina lake la mapenzi.

Miaka sita, abiria alikuwa Milada. Kila Jumamosi alipanda basi kutoka mjini Brno hadi uwanja mdogo wa ndege wa Lhotka, wa nyasi tupu, na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu kama Olda alivyoupenda, na ovaroli zake alizozifua na kuzipiga pasi. Ndege ilikuwa ya viti viwili, ya mwaka 1947, mabawa yake ya kitambaa. Alikalia ubao uliotandikwa blanketi kuukuu la jeshi, na wakiwa juu baridi ilimpenya hadi kwenye meno. Tena yeye ni fundi wa viti vya magari! Mara ngapi aliomba ashone kiti kimoja tu cha maana?

"Uzito, mpenzi," Olda alikuwa akimwambia. "Ndege ni uzito."

Sasa huo uzito ulikuwa umekwenda wapi? Olda alitaka sponji ya tabaka mbili, ngumu chini, laini juu, na ngozi ya kondoo ya kufunikia. Alibandika mikeka ya kuzuia kelele kwenye ukuta wa mbele. Alivuta bomba la hewa moto kutoka upande wa injini mpaka sakafuni, upande wa kulia tu. Balbu za zamani alizing'oa zote, akaficha taa ndogo za LED chini ya ukingo wa dashibodi, mwanga wa rangi ya asali unaoongezwa na kupunguzwa kwa kitufe. Halafu taa ya kusomea, yenye shingo ya kupinda. Kulia. Hata kidaraja cha kupandia alikichomelea, maana inaonekana huyo mtu magoti yalimsumbua.

"Ni mwanamke," Milada akasema.

Miguu ikatulia.

"Ni mtu mwoga. Anaogopa kelele, anaogopa baridi, anaogopa giza la humu ndani. Nikiviondoa vyote vitatu, amesema atapanda. Hebu nipe koleo."

Milada akampa koleo. Alitamani kumpiga nalo kichwani.

Mchana alikwenda kantini. Mama Hedvika, mpishi wa uwanja, akamwekea supu ya kitunguu saumu bila kumwuliza.

"Kuna mwanamke mwingine," Milada akasema.

Hedvika akaacha kufuta meza. "Mwingine?"

"Usinicheke. Mnene, magoti mabovu, na Olda anamtengenezea kitanda angani. Unamjua?"

"Kunywa supu, mwanangu, inapoa."

"Kumbe unamjua!"

"Hapa kila mtu anamjua," Hedvika akasema, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Wiki mbili Milada alikishona kile kiti katika karakana yake Brno, na wiki mbili mwanamke yule alikaa naye akilini. Alimpa nywele nyekundu za kupaka. Alimpa kicheko cha kuudhi. Alimwona akimlisha Olda keki kwa vidole, kule juu mawinguni, huku miguu yake minene ikipata joto. Siku ya mwisho alichukua sindano ya ngozi, ndefu kama kidole, akaichomeka ndani ya sponji, ncha juu, katikati kabisa.

Akaitazama kwa muda.

Kisha akaichomoa. Huruma hakuwa nayo, ila hakutaka isemwe kwamba kazi ya Milada inachoma watu. Akamalizia kwa mkono, mishono midogo midogo, iliyo bora kuliko yote aliyowahi kushona. Mjinga huyo akikaa, na ajue amekalia kazi ya mwenye kazi.

"Jumamosi usije," Olda akamwambia kwenye simu. "Kiti kitume kwa basi, nitakifunga mwenyewe."

Kiti alikituma. Jumamosi akapanda basi la kwanza.

Ndege ilikuwa imetolewa nje ya banda, mlango wazi. Pale kwenye kidaraja alisimama mwanamke wa makamo, mvi zake hazikupakwa chochote, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Olda alikuwa amemshika kiwiko.

"Taratibu. Huo mguu kwanza. Hivyo hivyo."

Sauti hiyo Milada hakuwahi kuisikia, miaka yote sita.

Mwanamke akaketi. Akaipapasa ngozi ya kondoo. Olda akabonyeza kitufe, na ule mwanga wa asali ukamwangukia usoni. Mabega yake yakashuka, akacheka kidogo, kwa kustaajabu.

Milada akavuka nyasi, mdomo umejaa maneno aliyoyapanga tangu Brno. Olda alipomwona, rangi ilimtoka.

"Huyu... huyu ndiye fundi wa viti," akasema haraka.

"Nimekuja kumwona mwenye kiti," Milada akasema.

Mwanamke akamnyooshea mikono yote miwili kutoka ndani ya ndege, machozi yakimlengalenga.

"Dada, ahsante! Miaka ishirini na tisa tangu Olda anioe, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuthubutu kuipanda hii ndege yake."