Mmisri wa Agustín

Mwanamke mwenye kofia pana alimwinamia Agustín mezani, akamuuliza kwa Kihispania njia ya kwenda msikitini. Lafudhi yake ilikuwa ya Córdoba, Ajentina, mji aliozaliwa Agustín. Huenda walisoma shule moja. Agustín alimkodolea macho, akatikisa kichwa, akaendelea kupanga dhumna zake. Mwanamke aliomba radhi, akashika njia isiyokuwa yake.

"Anatafuta nini huyo?" aliuliza Hamdi, aliyeketi upande wa pili wa meza.

"Sijui," Agustín alijibu kwa Kiarabu. "Wageni hawa, nani anawaelewa."

Hamdi aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Wageni hawa, nani anawaelewa." Agustín aliyahifadhi kichwani.

Alikuwa Kairo kwa mwaka mmoja wa masomo, na mwaka ulikuwa ukingoni. Alhamisi ile kulikuwa na mtihani wa mazungumzo kwa wanafunzi wa kigeni wa vyuo vyote. Akianguka, chuo cha nyumbani hakingeuhesabu mwaka huo, naye angerudi kuketi darasani na watoto waliokuwa sekondari alipoondoka. Wenzake hawakujali. Walipanga nyumba moja Zamalek, wakapika tambi, wakaongea Kiingereza kutwa, wakapiga picha za ngamia. Agustín aliwakimbia mapema. Aliapa kutozungumza na mgeni yeyote, kwa lugha yoyote, mpaka siku ya kupanda ndege.

Tatizo likawa Wamisri wenyewe. Kila alipofungua kinywa walimjibu kwa Kiingereza: muuza maharage, dereva wa teksi, hata ombaomba wa mlangoni pa benki. Basi akafuga masharubu, akanunua kanzu ya mistari, akajiita Shawqi wa Aswan, kwa kuwa watu wa Kairo huamini lolote waambiwalo kuhusu watu wa kusini. Akahamia mkahawa wa nyuma ya soko, mtaa wa Sayyida Zeinab, na huko akampata Hamdi.

Hamdi alikuwa mtoto wa Shubra, humo humo Kairo. Alijitambulisha hivyo kabla hajaulizwa. Kiingereza hakukijua hata neno moja. Alivuta shisha, aliilaani timu yake kila ilipofungwa, na zaidi ya yote alikuwa na muda. Walikutana kila alasiri. Baada ya majuma machache Agustín aliacha kwenda darasani. Darasani kulikuwa na vitabu. Hapa kulikuwa na Mmisri.

Maendeleo yalionekana. Sentensi aliyoibahatisha Jumatatu, Jumatano aliisikia kinywani mwa Hamdi, imenyooka, haina wasiwasi. Hakuhitaji uthibitisho mwingine.

Wateja wengine nao walianza kusogeza viti karibu. Baadhi walikuja na jamaa zao. Agustín aliona sasa mtaa umemkubali.

"Khawaja," alisema Sabri, mhudumu, akiweka glasi mbili za chai. Ndivyo waitwavyo wageni, na ilimuudhi Agustín kwamba masharubu yote yale hayakumpoteza mtu wa chai. "Hebu niwaulize, mabwana wakubwa. Mnaongea lugha gani?"

"Kiarabu," walijibu wote wawili.

"Cha wapi?"

"Cha kwetu, bwana wewe," alisema Hamdi. "Lete sukari."

"Sukari naleta. Ila msije mkahama. Tangu muanze maongezi yenu tunauza kama usiku wa Ramadhani."

Alhamisi, Agustín aliingia chumba cha mtihani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Daktari Nagwa, mama aliyewatahini wageni tangu ujana wake, alimtaka aeleze safari yake ya asubuhi hiyo. Agustín alieleza. Alieleza msongamano wa magari, akaeleza kondakta alivyogombana na mpanda baiskeli, akatia mzaha na kiapo kimoja cha mtaani.

Daktari alivua miwani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Daktari."

"Sijaelewa kitu."

Agustín alimwonea huruma. Msomi, maskini, amezama vitabuni. "Pengine Daktari hatembei sana mitaani. Hivi ndivyo wanavyoongea Shubra."

"Mimi nimezaliwa Shubra."

"Labda zamani."

Daktari Nagwa alivaa tena miwani yake. Kumwangusha mtu kwa jambo asilolihakiki hakukuwa tabia yake.

"Sawa. Lugha zinabadilika, na mimi nazeeka," alisema. "Aliyekufundisha ni nani?"

"Mmisri, Daktari. Mmisri mtupu, hajui hata kuamkia watu kwa Kiingereza. Nimekaa naye miezi."

"Na yeye anaongea hivi hivi?"

"Hivi hivi. Mimi namuiga tu."

"Basi kamlete. Nikimsikia Mmisri mmoja tu anaongea namna hii, umefaulu. Usipomleta, nisalimie Ajentina."

"Namleta sasa hivi," alisema Agustín, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwona Daktari akitabasamu. Alikwishaanza kupiga hesabu ya njia ya mkato hadi mkahawani alipofungua mlango.

Haikuhitajika. Hamdi alikuwa pale pale nje, kwenye benchi la watahiniwa, kanyoa ndevu, kafunga tai, pasipoti ya Bosnia mkononi, jasho likimtiririka. Alipomwona alisimama kwa furaha, akamkumbatia.

"Shawqi, ndugu yangu, Mungu ndiye aliyekuleta," alisema. "Ingia umwambie Daktari kwamba mimi nimefundishwa na Mmisri."