Hatua Mia Nane

Masunga alikuwa ameizunguka nyumba yake mara thelathini, na ile saa ya mkononi ilikuwa bado haijaridhika.

Ilimtetemesha mkono. *Hujafika*, iliandika kwa kijani. *Endelea*.

Akaendelea. Alipita jiko, akapita zizi, akapita matuta ya viazi nyuma ya nyumba na lile tuta jipya la pembeni lililozungushiwa miiba ili ng'ombe wasilikanyage, akatokea tena mbele. Mkanda wa saa, wa rangi ya zambarau, ulikuwa kwenye tundu la mwisho na bado ulimbana. Hakuyasikia sana maumivu yake. Siku hizi hakusikia kitu sana. Hata uji aliunywa kama maji.

“Mwangaluka, mwanariadha,” Shigela alimsalimia kwa Kisukuma.

Shigela, shemeji yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Alifika kutoka Kimali siku kumi na moja zilizopita na hakuwa na dalili ya kurudi.

“Mwangaluka.”

“Leo unakwenda wapi, Maswa kwa miguu?”

“Inataka elfu nne. Bado elfu moja na kitu.”

“Ivue, shemeji, uitupe chooni. Itakumaliza na wewe.”

“Gloria ataona.”

Likitajwa jina hilo, wote pale nyumbani walinyamaza.

Gloria, binti pekee wa nyumba ile, alikuwa amelazwa Mwanza mwezi wa pili sasa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi minane, na daktari alimwambia mumewe, Josia, kwamba mshtuko mmoja tu ungetosha kuwaondoa yeye na mtoto. Hakuruhusiwa kushuka kitandani. Hakuruhusiwa kupiga simu, labda meseji. Basi alilala chali kutwa nzima akitazama kwenye simu yake habari zilizotumwa na saa ile: hatua, mapigo ya moyo, usingizi.

Ndiye aliyeinunua. Aliileta Pasaka, baada ya daktari wa Bariadi kusema presha inataka mtu atembee. Haikuwa na kitufe cha kuizima. Ilikuwa na namba ya siri, na namba aliijua Gloria peke yake.

Siku moja, kabla Shigela hajafika, saa ilikaa tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kutuma mapigo. Gloria alipiga kelele wodini hadi damu ikaanza kumtoka, wauguzi wakamkimbilia. Josia akampigia Masunga. Sauti yake haikuwa ya mwanaume mzima.

“Baba, ivae. Nakuomba. Ivae mpaka ajifungue.”

Masunga akaivaa. Kisha akaandika meseji, kidole kimoja kimoja, kwamba chaji ilikuwa imeisha.

Tangu hapo aliivua kwa ajili ya kuichaji tu. Mara moja alichoka, akaifunga kwenye mguu wa ndama. Kufika saa nne ilikuwa na hatua elfu kumi na moja, na meseji ikaingia kutoka Mwanza: *Unakimbilia wapi? Daktari alisema kutembea!* Shigela alicheka hadi akakohoa, halafu akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka yuko wapi.

Masunga hakucheka. Aliandika: *Nilikuwa nafukuza mbuzi kwenye pamba*. Akaenda kumfungua ndama.

Ilimchosha kwa namna asiyoweza kuieleza. Akikaa kando ya lile tuta la miiba ilimtetemesha: *Simama*. Akilala macho wazi ilimhesabia saa alizolala. Akitazama ukuta bila kuwaza lolote, ilimsifu: *Mapigo sitini na mawili. Umetulia. Hongera*. Kulikuwa na jembe nyuma ya mlango, na mara mbili alikuwa amelishika ili aiponde. Mara zote mbili alilirudisha mahali pake, akavaa kandambili, akaanza kuzunguka.

Sasa alikuwa kwenye mzunguko wa thelathini na tatu. Kwenye mfuko wa kushoto, ile simu yake ndogo ya vitufe ikalia.

“Baba!” Alikuwa Josia. “Wa kike! Kilo tatu kasoro.”

“Na Gloria?”

“Mzima. Wote wazima, Baba.”

Masunga alisubiri kitu fulani kimpande kifuani. Hakikupanda.

“Sasa naweza kuivua?”

Josia alishusha sauti.

“Bado, Baba. Nipe siku mbili tatu, apate nguvu.”

“Sawa.”

Shigela alikuwa ameshasimama, anamtazama.

“Wa kike,” Masunga alimwambia. “Wazima.”

Shigela akavua kofia, akajifunika nayo uso. Kichwa chake, kama cha Masunga, kilikuwa kimenyolewa chote.

Masunga akageuka, akaenda nyuma ya nyumba. Alikuwa amefika kwenye miiba pale simu ya mfuko wa kulia, ile kubwa yenye kioo, ilipotoa mlio wa meseji. Akaifungua. Ilikuwa picha: uso mdogo uliokunjamana, umezungushiwa kitenge, macho yamefumbwa. Chini yake Gloria alikuwa ameandika:

*Mama, huyu hapa Minza mwenzako. Tumempa jina lako. Muoneshe na Baba.*

Saa ikatetemeka. *Bado hatua mia nane*.

Masunga akaukaza mkanda, akaanza kulizunguka lile tuta.