Huduma ya Wasiwasi

Faki alikuwa mzito wa kuamka. Kila asubuhi alikaa kitandani macho wazi, huku mtambo ulio nyuma ya sikio lake ukimwashia huduma za akili moja baada ya nyingine: lugha, njaa, majina ya watu, njia ya kwenda kazini. Ya mwisho kuwaka ilikuwa huduma ya wasiwasi, na ikishawaka, uso wake ulikunjamana mpaka jioni.

Mkewe, Salha, alimwonea huruma. Sheria ilimruhusu mke kupanga kitakachowaka mumewe anapoamka, basi Faki alipolala, akaizima huduma hiyo. Likatokea onyo kwamba kuna huduma nyingine zinazoitegemea. Hakulisoma. Maonyo ya namna hiyo hutokea kila mara.

Asubuhi Faki akaamka anapiga mluzi.

"Umeamkaje, Salha?" akauliza, mchangamfu kama bwana harusi.

Salha akacheka, kisha akamtazama tena. Tangu wajaliwe mtoto, Faki humwita Mama Riziki.

Mlango ukafunguliwa. Riziki akaingia na sare yake ya shule, vifungo vimepishana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, hujambo? Mtoto wa nani wewe?"

Riziki akadhani ni mchezo. Akacheka, akamwonyesha mama yake kwa kidole.

Salha alikuwa ameshaanza kuirudisha ile huduma, lakini kilichozimwa hakiwaki mpaka mtu alale tena na kuamka. Faki akamgeukia, uso wake mkunjufu kuliko alivyowahi kuuona kwa miaka.

"Kumbe una mtoto, Salha," akasema. "Mbona hukuniambia?"