Kiganja kwenye Plasta

Siwema aliwasha msumeno, akauzima. Wachimbaji wa zamani, kila walipomaliza kuufunga mfupa kwa plasta ili usivunjike, waligandamiza kiganja kwenye plasta hiyo mbichi. Hiki kilichoachwa kwenye plasta ya mfupa wa shingo ndefu ya dinosaria hakikuwa na kidole gumba.

"Ni cha babu, hakuwa na gumba," alisema Siwema. "Kifusi kilimfukia kulekule machimboni. Hatukupata hata cha kuzika."

"Pole, mwanangu," alisema Bi Tunu, mkuu wa maabara. "Lakini tusipopasua, hatutamjua mnyama huyu."

"Na babu je?"

Bi Tunu aliuchukua msumeno, akauweka kando. "Basi tuanzie upande wa pili, kwa patasi."

Siwema alilaza kiganja chake ndani ya kile cha babu. Plasta ilikuwa ya baridi. Polepole, ikaanza kupata joto.