Barabara Iko

Karani wa ardhi alimrudishia Chepkurui fomu bila kuipiga muhuri.

"Mama, siwezi kukupa kibali cha barabara. Barabara iko."

"Iko wapi?" Ploti alizotaka kuwauzia watu wajenge zilizibwa na chai ya majirani kila upande, hata baiskeli haikupita.

Karani akakunjua ramani ya wakati wa mkoloni. Mstari mwekundu ulitoka kwa lami, ukakata shamba lake katikati.

Chepkurui aliufuata kwa ukucha wake, mweusi kwa utomvu wa chai. Ukucha ulipita kona ya mto, ukapanda kidogo, ukasimama.

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba gani, mama? Hapo ni barabara." Karani akamsukumia kalamu. "Weka sahihi tu, tuifungue."